"Presha Yangu ni ya Mawazo Tu": Maswali na Majibu Kuhusu Homoni za Msongo na Shinikizo la Damu

Shinikizo la juu la damu ni nini?

Damu husukuma kuta za mishipa inapopita. Mtu mzima akipimwa akiwa ametulia, katika siku mbili tofauti, na namba ya juu ikafika 140 au ya chini ikafika 90, ana shinikizo la juu la damu, ambalo wengi tunaliita presha.

Homoni za msongo wa mawazo zinahusika vipi?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtu anapoogopa, anapogombana au anapoelemewa na madeni, tezi hizo humwaga adrenalini, ambayo huharakisha mapigo ya moyo. Noradrenalini, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye neva zenyewe, hubana mishipa ya damu. Kotisoli, homoni nyingine ya tezi za adrenali, huja taratibu zaidi na kukaa kwa muda mrefu, na inapozidi huzifanya figo zizuie chumvi na maji mwilini. Hofu ikipita, presha hushuka. Lakini kwa mtu ambaye msongo wake haukatiki miezi nenda miezi rudi, mwili haupati nafasi ya kupumzika.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 2021, Kosuke Inoue wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 412 nchini Marekani ambao mwanzoni hawakuwa na presha. Mkojo wao wa usiku ulipimwa kotisoli, adrenalini, noradrenalini na dopamini, ambayo ni ya jamii moja na adrenalini. Katika ufuatiliaji wa takriban miaka 6 na nusu, kila kiwango cha homoni hizo kilipokuwa maradufu, hatari ya kupata presha iliongezeka kwa asilimia 21 hadi 31. Kotisoli ilipokuwa maradufu, hatari ya kupatwa na matukio ya moyo na mishipa, kama vile shambulio la moyo na kiharusi, ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 90. Utafiti huo haukulinganisha utulivu na vidonge, wala haukumwambia mgonjwa yeyote aache dawa.

Kwa hiyo presha yangu ni ya mawazo tu, na nikitulia itaisha bila dawa?

Hapana. Maneno hayo, "ni mawazo tu", ndiyo tunayoyasikia hospitalini mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa wanaoletwa wakiwa tayari wamepooza upande mmoja, ilhali waliambiwa miaka kadhaa nyuma kwamba presha yao iko juu. Mshipa wa ubongo unapopasuka hauulizi kama presha ililetwa na mawazo, chumvi, unene au urithi. Kama unaamini kwamba mawazo ndiyo yanayokupandishia presha, basi hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa wiki hii, wala si sababu ya kusubiri mawazo yaishe.

Lakini sijisikii vibaya, na kichwa hakiniumi.

Wenye presha wengi hawasikii chochote. Mazoea ya kumeza kidonge siku kichwa kinapouma na kukiacha siku nyingine ni hatari kubwa, na tunaomba kwa heshima zote yakome. Kichwa si kipimo cha presha.

Mawazo yangu yameisha na kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri. Sasa naweza kuacha dawa?

Jibu bado ni hapana. Mara nyingi kipimo ni kizuri kwa sababu dawa inafanya kazi yake, na zipo dawa ambazo zikikatishwa ghafla huipandisha presha kwa kasi. Anayeweza kupunguza au kusimamisha dawa ni daktari aliyeona vipimo vyako vya siku nyingi. Jirani aliyepona, au aliyedhani amepona, hana mamlaka hayo.

Je, kupunguza msongo hakuna faida?

Kuna faida, na tunahimiza usingizi wa kutosha, mazoezi, kupunguza chumvi na pombe, kuacha sigara, na kuzungumza na mtu kuhusu jambo linalokusumbua. Yote hayo huenda pamoja na dawa ulizoandikiwa.

Nipimweje ili kipimo kiwe cha kweli?

Keti dakika 5 bila kuzungumza, miguu ikiwa chini na mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa kabla ya kipimo.

Ni wakati gani nisisubiri hata kidogo?

Mdomo ukipinda, mkono au mguu mmoja ukikosa nguvu, maneno yakikwama, kifua kikibana, pumzi ikikata au macho yakipoteza nuru ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo namba ikifika 180 kwa 120 pamoja na dalili yoyote kati ya hizo. Usimlaze mgonjwa "apumzishe mawazo", usimpe vidonge vya mtu mwingine, na kumbuka saa ambayo dalili zilianza, kwa kuwa matibabu ya kiharusi hutegemea sana saa hiyo.