Pasi ya kusafiria si rehani

Binti anayekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani akija kwetu kutaka ushauri wa kisheria, huanza na mshahara: ni riyali ngapi kwa mwezi, na zikigeuzwa zinakuwa shilingi ngapi. Ana haki ya kuuliza. Sisi humuuliza jingine kwanza: ukishafika, pasi yako atakaa nayo nani? Wengi hushangaa. "Si bosi?" hujibu, kama vile jambo lenyewe limeshaamuliwa zamani.

Pasi ni hati ya serikali iliyoitoa, nawe umekabidhiwa uitunze. Bosi hayumo. Saudi Arabia ilikataza waajiri kushikilia pasi za wafanyakazi wao tangu mwaka 2000. Qatar, kwa sheria ya 2015, inaweza kumtoza mwajiri wa namna hiyo faini ya hadi riyali 25,000. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unasema katika ibara ya 9 kwamba mfanyakazi wa ndani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe, ingawa hakuna nchi ya Ghuba iliyouridhia. Hata hivyo, Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, ilipowahoji Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, katika ripoti yake ya 2017, wengi walisema pasi zao zilichukuliwa.

Kwa nini marufuku ipo na pasi bado zinafungiwa kabatini? Jibu liko kwenye kafala. Neno lenyewe halina ubaya. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, kafala ni dhamana, mtu kusimama badala ya mwenzake kwenye deni, au kumlea yatima. Lilipohamishiwa kwenye ajira likapata sura nyingine. Kibali chako cha kuishi nchini kinafungwa kwa mtu mmoja, kafili wako, na siyo kwa kazi unayoifanya. Ukiondoka kwake bila ridhaa yake, siku hiyohiyo unaweza kuhesabika huna ruhusa ya kuwepo nchini. Akipiga ripoti kwamba umetoroka, wewe uliyekimbia kipigo au mshahara wa miezi sita usiolipwa ndiye utakayetafutwa na polisi.

Kafili naye ana hesabu zake, na tusijifanye hatuzioni. Amemlipa wakala fedha nyingi kukuleta, na anaogopa ukiondoka baada ya mwezi zimepotea. Ndipo anaishika pasi kama mtu aliyewekewa rehani. Lakini deni hilo ni lake na wakala wake. Wewe hukukopa.

Mabadiliko yapo, ila yasome mpaka mwisho. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la barua ya ridhaa ya mwajiri kwa anayetaka kubadili kazi, na kuanzia Machi 2021 ikaweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi. Wafanyakazi wa ndani wamo. Saudi Arabia nayo ilitangaza nafuu zake Machi 2021, lakini wafanyakazi wa ndani, madereva wa majumbani na wachungaji wakaachwa nje. Kuwait ina sheria ya 2015 inayompa mfanyakazi wa ndani siku moja ya mapumziko kwa wiki na isiyoruhusu kazi kuzidi saa 12 kwa siku. Kwa hiyo ukisikia mtaani kwamba "kafala imefutwa", uliza: imefutwa wapi, na kwa nani?

Sasa tuutazame mkataba wenyewe. Karatasi imegawanywa safu mbili, Kiingereza kushoto, Kiarabu kulia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mara nyingi kuna mstari unaosema kwamba tafsiri zikigongana, Kiarabu ndicho kitakachofuatwa. Yaani unatia saini upande usioweza kuusoma. Mtafute mtu wa kukusomea upande wa kulia kabla ya kusaini. Hata ustadhi wa mtaani anaweza kuanza na tarakimu za mshahara na za saa. Ukipewa karatasi nyingine baada ya kufika, yenye mshahara mdogo zaidi, ujue huo ni ulaghai unaojulikana na una malalamiko mengi.

Oman ina mtego wake wa upole. Unaweza kufikia nyumba ya Muscat ambako bibi wa nyumba anaongea Kiswahili cha Unguja kukushinda wewe, akakuita mwanangu na kukukaribisha mezani. Mshukuru. Lakini "mwanangu" haina saa za kazi wala siku ya mapumziko. Mkataba unavyo, au ungepaswa kuwa navyo.

Kenya na Uganda zimewahi kupiga marufuku safari hizi kwa muda baada ya vilio vya mateso. Kwa maoni yangu marufuku haimzuii mwenye njaa. Inamsukuma kwa wakala wa vichochoroni, anayemsafirisha kwa viza ya matembezi kupitia nchi ya jirani. Anayefika hivyo hana mkataba uliosajiliwa, wala ubalozi haujui kwamba yupo.

Ikitokea umedanganywa, usijilaumu kwamba ulikubali mwenyewe. Itifaki ya Palermo ya 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara haramu ya kusafirisha binadamu, iko wazi: ridhaa iliyopatikana kwa hila au vitisho, kwa nia ya kumnyonya mtu, haimwokoi msafirishaji haramu. Tanzania ina sheria yake ya kuzuia biashara hiyo tangu 2008, Uganda 2009 na Kenya 2010. Unaweza kumshtaki wakala aliyekupeleka hata ukiwa umesharudi nyumbani.

Kabla ya safari, piga picha pasi, viza na kila ukurasa wa mkataba, uzitume kwa ndugu wawili wasioishi nyumba moja. Wape pia jina la kafili na mtaa anaoishi. Simu yako inaweza kuchukuliwa siku ya kwanza, ndiyo maana namba ya ubalozi haitoshi kuwa ndani ya simu. Kila anayekuja kwetu tunamwomba aitaje namba hiyo kwa kichwa, karatasi tukiwa tumeigeuza. Wengi hukwama kwenye tarakimu ya tano. Tunaanza upya.