Cheni ya nyumba imekwama Uingereza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwa aliyezoea kununua kiwanja na kupandisha nyumba kidogo kidogo, ununuzi wa nyumba England na Wales ni kitendawili. Unamuuzia yako kijana anayenunua kwa mara ya kwanza, huku unanunua ya bibi mmoja ambaye naye anasubiri nyumba ya mtu mwingine. Wote mnatarajia kuhama siku moja. Benki ikimkatalia mmoja wenu mkopo, wote mnasimama. Hiyo ndiyo cheni, na ikikwama, ushauri wa nini ufanye na wapi uishi kwa muda humiminika kutoka kila kundi la WhatsApp. Mwingi si sahihi.

"Ofa imeshakubaliwa, hawezi kurudi nyuma."

Anaweza, na asikulipe hata senti. Hakuna anayefungwa mpaka mawakili wabadilishane mikataba, hatua ambayo mnunuzi huweka amana, kwa kawaida asilimia 10 ya bei. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kupokea ofa nono zaidi, na pesa uliyomlipa mkaguzi wa nyumba ndiyo imekwenda. (Scotland wana utaratibu wao, na huko mkataba hufunga mapema zaidi.) Kwa hiyo kabla ya kuhangaikia pa kulala, muulize wakili wako: mikataba imebadilishwa au bado? Kama bado, na wewe ni mpangaji, usimpe notisi mwenye nyumba wako.

"Mikataba ikishabadilishwa, mambo yamekwisha."

Hapa ndipo watu wengi hulala hotelini bila kutarajia. Siku ya kukabidhiana funguo, pesa hupanda kutoka chini ya cheni hadi juu, benki kwa benki, na mara nyingi watu huchagua Ijumaa. Lori limejaa, magodoro yamefungwa nailoni, watoto wamekaa juu ya maboksi, na wakili anapiga simu kusema pesa za mnunuzi wa chini hazijaingia. Katika masharti ya kawaida ya mauzo ambayo mawakili wengi huyatumia, pesa zikiingia baada ya saa nane mchana, fidia ya kuchelewa huhesabiwa kana kwamba zimefika siku ya kazi inayofuata. Kwa Ijumaa, hiyo ni Jumatatu. Anayechelewesha hulipa, na akizidi anaweza kupewa notisi ya siku 10 za kazi. Zikiisha, muuzaji ana haki ya kuvunja mkataba na kubaki na amana. Haki nzuri, ila usiku huo haikupi kitanda. Mimi ningechagua Jumanne au Jumatano, ningeuliza mapema lori likilala na mizigo wanatoza kiasi gani, na begi la pasipoti, dawa na sare za shule lisingepanda lori kabisa.

"Muuzaji akiwa mwema ataniruhusu niingie mapema."

Huruma anaweza kuwa nayo, wakili wake ndiye atakayekataa. Ukishaingia na mauzo yakaharibika, kukutoa ni kazi. Kwa upande wa pili, ukiuza na kuomba ubaki wiki mbili, benki ya mnunuzi kwa kawaida inataka nyumba iwe tupu.

"Hakuna atakayenipangisha chini ya miezi sita, labda nilipe yote mbele."

Ushauri huu umepitwa na wakati. Kwa England, sheria mpya ya haki za wapangaji inayoanza kutumika 1 Mei 2026 inaondoa mikataba ya muda maalumu katika upangaji wa kawaida wa nyumba binafsi: mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi miwili. Na ile mbinu ya wageni wasio na historia ya mikopo, kuweka mezani kodi ya miezi sita, imefungiwa mlango: kabla upangaji haujaanza, mwenye nyumba hawezi kupokea kodi ya zaidi ya mwezi mmoja. Amana ya upangaji nayo ina kikomo, wiki tano za kodi kwa nyumba nyingi. Bado anaweza kumchagua mpangaji anayeonekana atakaa, kwa hiyo barua ya wakili na ushahidi wa kipato viwe tayari. Kwa England pia atakagua haki yako ya kuishi nchini, hata kama unachukua chumba tu nyumbani kwake.

"Tutakaa kwa ndugu, ni bure."

Undugu haukatai mgeni, lakini mkataba wa ndugu unaweza kukataa. Kama amepanga, asome kwanza unasema nini kuhusu watu wa ziada. Kama anaishi peke yake, anapata punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri (ushuru ambao kila kaya huilipa serikali ya mtaa), na kwako kuhamia huenda kukamfutia. Mlipie tofauti hiyo bila kusubiri aseme, maana hatasema.

"Halmashauri italazimika kunipa nyumba."

Inalazimika kukusaidia kama uko katika hatari ya kukosa makazi ndani ya siku 56. Lakini aliyeuza nyumba yake kwa hiari anaweza kuhesabiwa kuwa amejitakia, na viza nyingi haziruhusu msaada wa aina hiyo.

"Kuuza kwanza na kupanga ni kutupa pesa."

Kodi, stoo na kuhama mara mbili vinauma, kweli. Ila asiye na nyumba ya kuuza ndiye muuzaji humkimbilia, na hapo unaweza kujadili bei. Ninachokionea shaka zaidi ni njia ya pili, kukopa mkopo wa muda mfupi wa kuvukia ili ununue kabla hujauza: riba yake ni kali, na juu yake unalipa nyongeza ya asilimia 5 ya ushuru wa stempu (kodi ya kununua nyumba) kwa England, unayoweza kurudishiwa nyumba ya zamani ikiuzwa ndani ya miaka mitatu.

Ukiamua kupanga, wapigie benki kabla ya kuhama. Ofa ya mkopo wa nyumba ina tarehe ya kuisha, na kuulipa mkopo wa zamani mapema kunaweza kuwa na faini ambayo baadhi ya benki huirudisha ukichukua mpya kwao haraka. Na mwenye mtoto anayeomba sekondari akumbuke kuwa maombi England hufungwa 31 Oktoba, na anwani ya muda huchunguzwa sana.