Kadi ya mkopo na akiba: yanayoaminika, na hesabu inavyosema

"Ukilipa kima cha chini kila mwezi, deni linakwenda"

Linakwenda, lakini mwendo wa kinyonga. Chukua deni la 100,000, kwa fedha yoyote utakayo, riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi, na kima cha chini cha asilimia 3 ya salio, yaani deni lililobaki. Mwezi wa kwanza unalipa 3,000. Humo 2,000 ni riba, kwa hiyo deni lenyewe limepungua 1,000 tu. Mwezi wa pili unaambiwa ulipe 2,970, nawe unaona umepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayokuchelewesha, kwa sababu malipo yanasinyaa sambamba na deni. Mwaka ukiisha umetoa kama 34,000, na bado unadaiwa zaidi ya 88,000. Baada ya miaka mitano, bila kununua hata sindano kwa kadi hiyo, unadaiwa karibu 55,000.

Sasa kataa kushuka. Shikilia 3,000 zile zile kila mwezi, hata taarifa ya akaunti ikisema 2,400 zinatosha. Deni linaisha kwa miezi 56. Ukiweza 5,000, ni miezi 26, na riba yote haifiki 30,000. Kiasi hicho kiwekee agizo la kudumu benki, ili kihamishwe chenyewe kila mwezi, siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia. Kama kadi ina malipo ya moja kwa moja, hakikisha umechagua "kiasi maalumu" na si "kima cha chini". Ukikosea hapo, hesabu yote hii haina kazi.

"Kuna siku zisizo na riba, kwa hiyo manunuzi ya leo hayanigharimu"

Siku hizo zipo, aghalabu 21 hadi 25, tangu taarifa ya mwezi inapofungwa hadi tarehe ya mwisho ya kulipa. Matangazo ya "hadi siku 50" au zaidi huhesabu tangu siku ya kununua, na anayezipata zote ni yule aliyenunua siku ya kwanza ya mzunguko, yaani mara tu taarifa iliyopita ilipofungwa. Aliyenunua jana yake taarifa kufungwa anabaki na zile ishirini na kitu.

Kubwa zaidi ni sharti lake: kwa kadi nyingi, siku hizo ni za aliyelipa salio lote la taarifa iliyopita. Ukiacha hata sehemu ndogo, manunuzi mapya huanza kutozwa riba siku ile ile ya kununua. Ndiyo maana anayelipa deni la zamani huku akiendelea kuitumia kadi haoni likipungua. Iweke kabatini, ununue kwa taslimu au kwa kadi ya akaunti yako ya kawaida mpaka salio lifike sifuri.

Na hata ukilimaliza, usishangae taarifa inayofuata ikija na riba kidogo. Riba huhesabiwa kwa siku, na kati ya kufungwa kwa taarifa na siku uliyolipa kuna siku zimepita. Salio la 40,000 kwa asilimia 24 huzaa kama 26 kwa siku; siku 20 ni zaidi ya 500. Zilipe. Wanaozipuuza wakidhani ni makosa ya benki huishia kutozwa faini ya kuchelewa.

"Kutoa taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo ni kama kununua tu"

Si hivyo. Kwa kawaida kuna ada ya kutoa, riba huanza papo hapo bila zile siku zisizo na riba, na mara nyingi kiwango chake ni cha juu zaidi.

"Kuacha salio kidogo hujenga sifa njema ya ukopaji"

Kinachojenga ni kulipa kwa wakati na kutumia sehemu ndogo ya kikomo cha kadi yako. Riba unayolipa haikuongezei hata alama moja ya ukopaji.

"Kuhamishia deni kwenye kadi ya riba sifuri ni kulimaliza"

Ni kununua muda, na muda huo una bei: ada ya kuhamisha huwa kama asilimia 3 hadi 5. Deni la 100,000 kwa ada ya asilimia 3 ni 103,000. Ofa ikiwa ya miezi 12, unahitaji kulipa kama 8,600 kila mwezi. Kama huziwezi, jua mapema kwamba kilichobaki kitarudi kwenye riba ya kawaida.

"Akiba haiguswi" na "maliza deni kwanza, akiba baadaye"

Hizi ni dhana mbili zinazovutana, na zote zina kasoro. Mwenye akiba ya 50,000 inayozaa asilimia 6 anapata 3,000 kwa mwaka. Kama anadaiwa kiasi hicho hicho kwa asilimia 24, analipa 12,000. Anapoteza 9,000 ili aone tu kwamba ana akiba. Huko ni kuteka maji kwa pakacha.

Lakini asiyebakiza kitu, jino likimuuma au simu ya kazi ikiharibika, anairudia kadi ile ile. Tunachopendekeza: bakiza matumizi ya lazima ya mwezi mmoja (kodi, chakula, nauli, dawa) kwenye akaunti ya pembeni isiyo na kadi, kisha nyingine zote zipeleke kwenye deni, ukianza na kadi yenye riba kubwa. Siku deni linapoisha, usilifute agizo la kudumu. Badilisha tu namba ya akaunti linakokwenda. Zile 5,000 ulizokwisha kuzoea kuishi bila kuziona ni 60,000 kwa mwaka. Ziache ziendelee mpaka zitoshe matumizi ya miezi mitatu, na sita kwa mwenye kipato cha kubahatisha.