Faili kubwa si lazima iwe ya dibagi

Umekabidhiwa faili ya maktaba, .dll ya Windows au .so ya Linux, bila maelezo yoyote, nawe unataka kujua: ni toleo la dibagi, lile la kusakia hitilafu, au la rilizi, lile la kumpa mteja? Majibu mengi tunayopeana watengenezaji programu yana kasoro, na kasoro hizo hutupotezea siku nzima za kazi.

Dhana: faili kubwa, au yenye simboli (majina ya funksheni na vigeu), ni ya dibagi

Hii ndiyo iliyoota mizizi. Ukweli ni kwamba neno dibagi limebeba mambo matatu yasiyotegemeana: kama kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa faili ya kuendeshwa, iliuboresha msimbo ili uende kasi, kama taarifa za dibagi zimo ndani ya faili (ndizo huikuza), na kama ukaguzi wa aina ya assert, unaosimamisha programu sharti likivunjwa, umebakizwa ndani. Kompaila ya GCC inakubali -g (weka taarifa za dibagi) na -O2 (boresha msimbo) kwa pamoja. Mifumo ya Linux ya Debian na Fedora huunda vifurushi vyao hivyohivyo, kisha huchomoa taarifa za dibagi na kuziweka katika vifurushi vya pembeni.

Kwa hiyo amri ya file ikikuonyesha "with debug_info, not stripped", imekuambia taarifa zimo, basi. Kuhusu kasi haijasema kitu. Maadamu zimo, endesha hii:

readelf --debug-dump=info libmfano.so | grep DW_AT_producer

GCC huandika hapo swichi ilizopewa, mstari kwa kila faili ya msimbo chanzi. Ukiona -O2, msimbo huo uliboreshwa. Usipoona -O yoyote, haukuboreshwa. Soma mistari yote, kwani maktaba moja inaweza kuwa mchanganyiko. Clang, kompaila nyingine, kwa kawaida huandika toleo lake tu, bila swichi.

Dhana: kuna .pdb pembeni, basi ni dibagi

Hapana. Visual Studio, zana ya Microsoft ya kutengenezea programu, hutoa .pdb, faili ya taarifa za dibagi, hata kwa rilizi ya C++. Itunze vizuri: programu ikianguka kwa mteja, ndiyo itakayokuonyesha ilianguka wapi.

Dhana: herufi d mwishoni mwa jina inatosha

Qt5Cored.dll ni dibagi na Qt5Core.dll ni rilizi, kweli, lakini hiyo ni desturi ya Qt, mkusanyiko wa maktaba za C++, kwenye Windows. Katika CMake, zana ya kupanga ujenzi wa programu, herufi hiyo haiji mpaka uiweke mwenyewe kwa CMAKE_DEBUG_POSTFIX. Usipoiweka, matoleo yote mawili hubeba jina moja.

Jina la kutazama ni la zile faili ambazo maktaba inazitegemea. Niliwahi kumtumia mteja .dll iliyofanya kazi vizuri kabisa kwangu. Kwake ikagoma, ikidai VCRUNTIME140D.dll. Faili hiyo huja na Visual Studio, na Microsoft hairuhusu kuisambaza, kwa hiyo kwangu ilikuwepo na kwake haikuwepo. Tangu siku hiyo situmi kitu kabla ya kuendesha dumpbin /dependents, amri ya Visual Studio inayoorodhesha faili hizo. Ikitokea VCRUNTIME140D.dll, MSVCP140D.dll au ucrtbased.dll, hiyo imejengwa na /MDd, swichi ya kutumia maktaba za dibagi za Microsoft zilizo nje ya faili. Zisipotokea, usishangilie mapema: huenda ilijengwa na /MTd, ambayo huziingiza maktaba hizo za dibagi ndani ya faili yenyewe.

Kwa .lib ya kuunganishwa moja kwa moja, tumia dumpbin /directives. MSVCRTD au LIBCMTD ni dalili ya dibagi. MSVCRT au LIBCMT, ya rilizi.

Dhana: dibagi ni nzito tu, ukiichanganya na rilizi hakuna madhara

Hapa ndipo watu huumia. Kwenye Windows ya biti 64, std::vector (orodha ya C++) ya Microsoft ina baiti 24 katika rilizi na 32 katika dibagi, kwa sababu dibagi huongeza kielekezi cha kukagulia itereta, vile vya kupitia orodha kipengele kwa kipengele. Ukiunganisha .lib ya namna moja na msimbo wa namna nyingine, linka, programu inayounganisha vipande hivyo, hukataa kwa kosa LNK2038, na hapo umeokoka. Lakini vector hiyo ikivuka kutoka .dll moja kwenda nyingine, hakuna anayekagua. Upande mmoja unasoma baiti 24, mwingine 32, kumbukumbu inavurugika, na programu inaanguka mbali kabisa na chanzo cha tatizo.

Dhana: maktaba ya .NET (jukwaa la Microsoft) yenye alama ya DebuggableAttribute ni dibagi

Rilizi nazo kwa kawaida huwa nayo. Cha kutazama ndani yake ni IsJITOptimizerDisabled: ikiwa true, uboreshaji umezimwa.