Sindano ya mafua makali haikuambukizi mafua

Baridi ya Juni na Julai ikitanda Arusha na Moshi, maneno ni yale yale: "Nilichomwa chanjo ya mafua, siku ya nne nikalala kitandani." Kuugua ni kweli, ila anayelaumiwa siye. Chanjo ya sindano, nusu mililita begani, ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, na kilichokufa hakizaliani kooni. Mkono kuuma au homa ndogo ya siku moja mbili ni mwili unaojenga kinga.

Tatizo ni muda. Kinga hukomaa baada ya wiki 2 hivi. Ukiambukizwa kwenye daladala siku ya tatu, utaugua kama ambaye hakuchanja. Tena mafua mengi ya kawaida huletwa na virusi vingine kabisa, ambavyo chanjo hii haivigusi.

Ndiyo maana wafuatiliaji wa mafua makali (influenza) hawahesabu kila anayepiga chafya. Wanatafuta homa ya nyuzijoto 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vilivyoanza ndani ya siku 10, kisha kijiti cha pamba kinapita puani na sampuli inakwenda maabara.

Mjamzito, mzee na mwenye pumu wasisubiri baridi ianze. Na warudie kila mwaka, maana kirusi hubadilika.