"Amepewa miezi mitatu": maana ya makadirio ya daktari

Karibu kila mchango wa matibabu unaofunguliwa kwenye kundi la WhatsApp hapa Nairobi huwa na sentensi hii: "Mzee amepewa miezi mitatu." Nambari ya paybill inafuata, watu wanatuma viganja vya maombi, kisha binamu fulani anauliza kama India wanaweza kumwongezea. Wiki iliyopita nimeisoma tena, na safari hii iliandikwa kumhusu mama ambaye mwenyewe ni mwanachama wa kundi hilo. Aliisoma kwenye simu yake, kitandani, kabla ya mtu yeyote kuketi naye.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, na naomba tuielewe hiyo miezi.

Kinachozungumziwa hapo ni ubashiri wa ugonjwa, yaani makadirio ya daktari kuhusu ugonjwa unakoelekea na muda ambao huenda mgonjwa akaishi. Anayafanya kwa kutazama aina ya ugonjwa, umefikia wapi, na mgonjwa ana nguvu kiasi gani leo. Maana yake inaishia hapo. Daktari hana miezi ya kumpa mtu wala ya kumnyima. Anakisia kwa kutumia elimu aliyo nayo, na mwenye kukisia hukosea.

Hukosea mara nyingi kuliko tunavyodhani, na si kwa upande tunaoudhani. Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha utafiti waliofanya Chicago, Marekani. Madaktari 343 waliombwa wakadirie muda waliobaki nao wagonjwa 468 waliokuwa wakiingia katika huduma ya hosipisi, yaani ya kuwatunza wanaokaribia mwisho wa maisha, kisha watafiti wakafuatilia. Kwa kila makadirio 100, ni 20 tu yaliyokaribia ukweli. Makadirio 63 kati ya 100 yalitaja muda mrefu kuliko ule mgonjwa alioishi, na 17 yakataja mfupi. Ukichukua makadirio yote pamoja, madaktari waliuzidisha muda zaidi ya mara tano. Na kuna jambo jingine ambalo linanigusa mimi niliye kazini: kadiri daktari alivyokuwa amemjua mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo makadirio yake yalivyozidi kwenda kombo.

Kwa hivyo ndugu anayesema "hao madaktari hupenda kututisha" amelishika jambo kinyume. Kosa lililo kubwa ni la daktari kumhurumia mtu aliyemzoea, akamkadiria muda mtamu kuliko ule uliopo, na familia ikapanga mambo kwa muda huo. Nimeona watu wakiahirisha safari ya nyumbani kwa ajili ya dozi moja zaidi ya kemo, dawa kali za saratani, wakidhani mwezi wa kusafiri upo.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Nambari inayotajwa kwa ugonjwa fulani kwa kawaida hutokana na kundi la wagonjwa waliofuatiliwa. Wapange watu mia kwa urefu wa muda walioishi, umtazame aliye katikati: akiwa aliishi miezi minane, basi ugonjwa huo utasemwa kuwa ni wa miezi minane. Nusu yao walifariki kabla ya hapo, nusu wakapita hapo, na baadhi yao wakapita mbali sana. Mwanasayansi Stephen Jay Gould aliambiwa mwaka 1982 kwamba ana saratani ya utando wa tumbo, ambayo mtu wa katikati alikuwa akiishi miezi minane. Alifariki mwaka 2002, kwa saratani nyingine. Simtaji ili mtu aende nyumbani akisema nasi tutapata miaka ishirini, maana hatujui kama tumo katika nusu ya mbele au ya nyuma. Namtaja kwa sababu nambari ya kundi haijawahi kuwa ya mtu mmoja, na tukiiweka kwenye kundi la familia kama yake tumemsingizia.

Filamu nazo zimetuzoesha vibaya. Kule Marekani, bima ya serikali ya wazee inalipia hosipisi iwapo madaktari wamethibitisha kwamba, ugonjwa ukifuata mkondo wake wa kawaida, mgonjwa ana miezi sita au pungufu. Kwao miezi ni sharti la malipo. Sisi tumeichukua lugha hiyo bila bima yake, na sasa mtu akitumwa kwenye hosipisi, hata hii ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, jirani wanahesabu vidole. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishaeleza tangu mwaka 2002 kwamba tiba shufaa inafaa mapema katika ugonjwa, sambamba na kemo na mionzi. Kuona timu yetu hakumaanishi kuna saa imeanza kuhesabiwa.

Sasa, daktari aseme nini akiulizwa? Maana ataulizwa, na mara nyingi ni sisi jamaa tunaomfuata koridoni: "Daktari, tuambie tu ni ngapi." Anataja tatu ili atoke. Anayejua kazi hii hutaja upana. Husema ni suala la miaka michache, au la miezi, au la wiki, au la siku, na huangalia kasi ya mabadiliko kuliko kalenda. Mgonjwa akiwa anadhoofika mwezi hadi mwezi, tunazungumza kwa miezi. Juma lililopita alikuwa anakwenda chooni mwenyewe na juma hili anashikwa? Tunazungumza kwa wiki. Akibadilika kati ya asubuhi na jioni, waiteni walio mbali. Hata mtu asiyesoma udaktari anaweza kuliona hili akikaa karibu na kitanda.

Na kabla ya kutaja chochote, anamwuliza mgonjwa angependa kuelezwa nini. Nitaeleza moja niliyoishuhudia. Mama wa makamo, saratani ya mlango wa kizazi, ameketi na kijana wake. Daktari akazungumza kwa Kiingereza karibu dakika nzima: dawa haijazuia ugonjwa, figo zimeanza kuathirika, ni wakati wa kuzungumza kuhusu yaliyo mbele. Kijana akamgeukia mamake na kusema kwa Kikamba: "Anasema uendelee na dawa." Nami Kikamba ndiyo lugha ya nyumbani. Simlaumu yule kijana. Angelitafsirije neno kama hilo kwa mamake mzazi, watu wengine wakimtazama? Kosa lilikuwa letu kumtwika.

Nilimwomba daktari ruhusa, nikamwuliza mama kwa lugha yake: kuna wanaopenda kuelezwa yote, kuna wanaopenda mtoto aelezwe kwa niaba yao, wewe mama ungependa vipi? Akamtazama kijana, kisha akasema yeye ndiye mwenye huo mwili. Akauliza swali moja: "Nitafika Novemba?"

Ungefikiri ameomba nambari. Daktari hakuitaja. Alimwuliza Novemba kuna nini, akaambiwa kitinda mimba anafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ndipo akasema, nami nikitafsiri neno kwa neno: "Mama, natumaini utafika. Lakini nina wasiwasi nguvu zinaweza kupungua kabla ya hapo. Kuna jambo la huyu mtoto ambalo usingependa lingoje Novemba?" Lilikuwepo. Alitaka msichana akabidhiwe kwa dada yake aliyeko Machakos, naye mwenyewe alitamke hilo mbele ya watu wa upande wa baba, ili baadaye asitokee wa kubisha. Walipangiana Jumamosi iliyofuata. Mazungumzo yote hayakufika nusu saa.

Hapo hakuna aliyepewa miezi, na bado ukweli wote ulisemwa.

Sheria nayo iko upande wa yule mama. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa mwenyewe hali yake, isipokuwa pale penye ushahidi wa kutosha kwamba kuelezwa hakutakuwa kwa manufaa yake. Anayeelezwa badala yake ni mlezi, mgonjwa akiwa mtoto au akiwa hajiwezi. Inataka pia, inapowezekana, atumie lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kusema "tunamjua mama, atashtuka" hakutoshi kuwa ushahidi. Mgonjwa naye anaweza kukataa kujua, akasema ongeeni na kijana wangu, na tunaheshimu, mradi kauli hiyo imetoka kinywani mwake.

Najua jamaa wanaoficha hufanya hivyo kwa mapenzi. Wanahofia kwamba akisikia atakata tamaa, ageukie ukuta, aache kula. Lakini aliyelala kitandani anaona mavazi yanavyompwaya, anasikia sauti zikishuka anapoamka, anahesabu wageni wanaokuja siku za kazi. Wagonjwa wengi ninaowahudumia huwa wameshajua kabla hatujafungua mdomo. Walichokosa ni mtu wa kumwuliza. Wengine huniuliza mimi usiku, jamaa wakiwa wameenda, kwa sababu hawataki kuwaumiza watoto wao. Kila upande unamlinda mwenzake, na yale ya kuzungumza yanabaki bila kuzungumzwa.

Basi utakapoombwa uandike ujumbe wa mchango, eleza ugonjwa ulivyo, gharama zilivyo, na mahitaji ya wiki hii. Ikiwa ni lazima mutaje muda, andika kwamba daktari anakadiria ni suala la miezi na hana hakika. Na kabla ya kuutuma, nenda chumbani umsomee mgonjwa ulichoandika. Akikuambia ufute mstari huo wa miezi, ufute.