Nyumba ya zamani kijijini: fuata maji kabla ya kupima nyufa

Nyumba nyingi tunazoitwa kukagua katika vijiji vya Iringa, Njombe na Mbeya zina historia inayofanana. Zilijengwa miaka ya 1970 na 1980, baada ya Operesheni Vijiji, wakati wananchi wakihimizwa kuwa na nyumba bora. Matofali yalifyatuliwa na kuchomwa palepale kiwanjani, yakajengewa udongo badala ya saruji, juu ikapandishwa miti ya mkaratusi, na bati zikaja pale fedha ya chai, kahawa au pareto iliporuhusu. Leo wazee waliojenga wametangulia mbele ya haki, na mtoto aliyeko Dar es Salaam anapiga simu kuuliza: nibomoe au nikarabati?

Mara nyingi jibu letu ni akarabati. Ila asianze na rangi, wala asianze na nyufa ambazo ndizo humtisha kila mtu. Aanze na maji: yanaingilia wapi, yanatuama wapi, na yanatokea wapi. Kasoro nyingi zilizobaki, hata za mchwa, zitamwongoza kurudi hukohuko.

Kama una nafasi ya kuchagua, ikague nyumba kati ya Desemba na Aprili, mvua ikiwa inanyesha. Kama unanunua, dalali atakupeleka Agosti, ukuta mkavu na umepigwa rangi juzi.

Kabla ya kuingia ndani, zunguka nje na uangalie chini. Uwanja wa kijijini hufagiliwa kila asubuhi, na kila ufagio huondoka na udongo kidogo. Fagia hivyo miaka 40, ongeza mvua inayodondoka kutoka kwenye bati zisizo na gata, na msingi uliokuwa umezama ardhini sasa uko nje, mawe yake yanaonekana na pengine unaweza kuingiza mkono chini yake. Upande wa mlimani mambo huwa kinyume: udongo umeporomoka na kulalia ukuta, umefika juu ya usawa wa sakafu, na chumba cha upande huo kinanuka ukungu mwaka mzima. Kasoro hizi mbili huonekana kwenye nyumba moja, na mwenyewe hazioni kwa sababu zimekuja polepole.

Sasa angalia kozi, yaani safu za matofali, tatu au nne za chini. Matone ya paa yakigonga ardhi hurusha maji na mchanga ukutani, na tofali hulika. Chukua msumari ukwaruze. Tofali lililoiva halitoi kitu. Lisiloiva linamwaga unga mwekundu. Katika tanuri la kienyeji matofali ya pembeni hupata moto kidogo kuliko ya katikati, na mafundi wengi hawakuyatenga. Ndiyo maana unaweza kukuta ukuta mzima imara na kona moja inayobomoka kwa kucha.

Hapa ndipo tunapokuta kosa la ukarabati ambalo limeharibu nyumba nyingi kuliko uzee wenyewe. Mwenye nyumba akiona kozi za chini zimelika, humwita fundi apige lipu nzito ya saruji hadi usawa wa dirisha. Kwa macho, nyumba imepona. Lakini nyumba hizi kwa kawaida hazina ile nailoni au lami juu ya msingi ambayo mafundi huiita DPC, kwa hiyo ukuta unanyonya maji ya ardhini. Zamani maji hayo yalikauka kupitia uso wa ukuta. Saruji ikishaziba, hayana pa kutokea: yanapanda juu zaidi, yanalainisha udongo ulio kati ya matofali, kisha yanajitokeza juu ya lipu kama mstari wa unga mweupe wa chumvi. Gonga lipu kwa mpini wa nyundo kuanzia chini kwenda juu. Ikitoa mlio wa debe tupu, imeshaachana na ukuta, na nyuma yake tofali linaweza kuwa limegeuka tope.

Dawa yake si kuongeza saruji. Bandua lipu iliyoachia, acha ukuta ukauke, kisha piga lipu dhaifu zaidi: debe 1 la saruji, 2 ya chokaa na 9 ya mchanga ni uwiano unaofaa kwa kuta laini za namna hii. Fundi atakubishia, maana amezoea kusifiwa kwa lipu ngumu. Mshikilie. Halafu, kabla hujatumia shilingi nyingine, weka gata, ondoa udongo uliolalia ukuta, na zungushia nyumba zege lenye mteremko wa kupeleka maji nje.

Tukija kwenye nyufa. Ule wa unywele kwenye lipu, usiopita kwenye tofali, ni wa kuziba na kusahau. Wa kuangaliwa ni ule unaoshuka kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, hasa kutoka kona ya dirisha kwenda kona ya nyumba, na ambao juu ni mpana kuliko chini. Huo unasema kona imezama. Ukizidi milimita 5, au ukiweza kuona mwanga upande wa pili, mwite mhandisi. Kama huna hakika, weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, uache upite msimu mzima wa mvua. Ufa uliosimama unazibika. Unaotembea utapasua chochote utakachoziba nacho. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa sehemu za bonde la Usangu, nyufa hufunguka kiangazi na kujifunga masika, na huko tatizo liko ardhini, ukuta unatoa taarifa tu.

Angalia pia kama juu ya milango na madirisha kuna linta, yaani mkanda wa zege, inayozunguka nyumba nzima. Nyingi hazina, zina ubao au kipande cha zege juu ya kila mlango, basi. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi za matofali zisizo na kitu cha kufunga kuta pamoja. Mbeya nayo iko kwenye Bonde la Ufa. Kuongeza mkanda wa zege juu ya ukuta wa zamani inawezekana pale paa linapoezuliwa, na ndio wakati pekee ambao gharama yake haitishi.

Paa lenyewe likague saa sita mchana, ukiwa darini na tochi imezimwa. Kila tundu litajionyesha kwa nukta ya mwanga. Mara nyingi ni kwenye misumari: msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa wimbi, na aliyeupiga kwenye bonde aliyaachia maji mlango. Kisha washa tochi ufuate kenchi, yaani miti inayobeba paa, hadi zinapokalia ukuta. Hapo ndipo huoza, kwa sababu hapo ndipo maji ya ukutani na mbao hukutana. Choma kwa bisibisi. Ikizama bila kusukumwa, mti umekwisha. Vinjia vya udongo vinavyopanda ukutani, upana wa kalamu, ni vya mchwa, na kuvifuta kwa ufagio hakuui kitu kwa kuwa wenyewe wako ardhini. Unga laini chini ya tundu dogo la duara ni kazi ya bungua. Jikoni kwenye masizi utashangaa kukuta miti mizima kabisa: moshi huwafukuza wadudu.

Ukikuta vigae au mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, yenye uso kama wa saruji, chukulia kuwa ni asbesto hadi ithibitike vinginevyo. Usiyakate, usiyatoboe, usiyasugue kwa brashi. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na kuyaondoa ni kazi ya watu wenye vifaa na utaratibu wa kuyazika.

Umeme katika nyumba hizi kwa kawaida uliingia miaka mingi baada ya kujengwa. Angalia kama waya wa athi upo kweli na umefika ardhini, na kama panya hawajala nyaya darini. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni.

La mwisho liko uwanjani. Choo cha shimo kilipojaa kilifukiwa, kikachimbwa kingine pembeni, na baada ya miaka 40 kiwanja kinaweza kuwa na mashimo matatu au manne yasiyojulikana, yaliyozibwa kwa magogo ambayo sasa yameoza. Muulize jirani mzee yalikuwa wapi. Tafuta pia mahali palipobonyea, au mgomba mmoja ulionawiri kuliko wenzake, na uchome ardhi hapo kwa nondo ndefu kabla lori la mchanga halijaruhusiwa kuingia.